DATSUN YA MJOMBA

Wenzangu, gari kuukuu halitaki nguvu, lataka sikio. Mjomba ana Datsun 160J, ukoo wa zile alizoendesha Shekhar Mehta aliposhinda Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Lakini hii yetu ya Kalamba ilikuwa hoi: mlimani yakohoa, yatoa moshi mweusi. Mjomba alikuwa karibu kuiuza kama chuma chakavu.

Fundi alikataa kugusa kabureta kwanza. Ati wengi huanzia hapo, ndiyo maana kesho yake wanarudi! Aliacha injini ipate moto, akapima nafasi za vali: milimita 0.25 za kuingiza, 0.30 za kutoa moshi. Mbili zilikuwa zimebana mno. Kisha pointi, plagi na taiming; kabureta mwisho. Kichujio cha hewa kilijaa vumbi letu jekundu, si ajabu ule moshi.

Klachi nayo iliteleza, injini yalia na gari haliendi. Sahani mpya ilikula mbuzi wawili. Mama alinuna.

Jumamosi tulipanda kuelekea Nzaui kwa gia ya tatu, watu watano na gunia la pojo. Umebaki mlio wa difrensha tu. Fundi asema tumwage mafuta yake kwanza, tuone kama yana vipande vya chuma.