Nyumba ya Mawe Yataka Matunzo

Tulivuka kutoka Mokowe hadi Lamu tukiandamana na dada yetu mmoja, mjane, aliyekusudia kununua nyumba ya kupangisha kwa fedha za mirathi ya wanawe. Mali ya mayatima ni amana nzito, kwa hiyo tulimchukua fundi wa chokaa.

Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Nyumba tuliyoonyeshwa ilipendeza: daka pana, mlango wa nakshi, kuta nyeupe. Fundi aligonga ukuta, akatikisa kichwa. Ulikuwa umepigwa saruji. Mawe haya hunyonya unyevu na chumvi; chokaa huuacha unyevu utoke, saruji huuziba, nao huozesha ncha za boriti zilizomo ukutani. Tulipotazama dari, boriti mbili zilikuwa zimekwisha kuliwa na mchwa.

Dalali alisema ni jambo dogo. Dada yetu alimwomba fundi ahesabu gharama za kubandua saruji, kubadili boriti na kupaka chokaa upya, akapima na kodi atakayopata. Hakulipa siku ile.

Enyi mama na dada zetu, bei ya nyumba si ile aitajayo muuzaji pekee. Iangalieni wakati wa masika, mwende na fundi wenu, na katika kila kodi mtenge fungu la matengenezo. Amana hailindwi kwa nia njema tu.