Moshi wa Kwanza

Mdogo wangu alipofariki mwaka 2019 aliniachia gari ambalo kwa umri wangu sikulihitaji: Datsun 240Z nyekundu, milango miwili, viti viwili, injini ya silinda sita. Wazee wenzangu wanalijua. Gari la aina hiyo ndilo lililompa Edgar Herrmann ushindi wa mashindano ya Safari mwaka 1971, na Shekhar Mehta mwaka 1973, nasi vijana tukitega masikio redioni. Marehemu alilipenda mno. Mimi nililifunika turubai hapa kwangu Wundanyi, na kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani nililiwasha kwa dakika tano, nikalizima, nikalifunika tena. Nilidhani huko ndiko kulitunza.

Mwaka jana goti lilinilaza, gari likakaa miezi mitatu bila kuguswa. Siku nilipoliwasha lilikohoa mara mbili, kisha wingu la moshi wa buluu likatoka nyuma, likaifunika migomba na kuingia jikoni. Mke wangu alitoka na mwiko mkononi. "Mwalimu, unatuvukiza kama fuko?" Mjukuu wetu akauliza, "Babu, gari linaumwa?"

Fundi kijana niliyemwita alitazama moshi ule kwa muda usiozidi kupiga chafya. Akasema ringi za pistoni zimekwisha, injini yote ifunguliwe. Bei aliyoitaja ilikuwa pensheni yangu ya miezi minane. Wanangu wakashauri niliuze kama chuma chakavu, nami nilikaribia kukubali.

Kabla ya kukubali nikamwita mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza lori la chuo chetu zamani. Yeye aliomba kiti kwanza. "Liwashe, Mwalimu, kisha tukae."

Tukakaa. Akaweka kitambaa cheupe mbele ya bomba la moshi, akakinusa. Baada ya dakika mbili hivi moshi wa buluu ulipungua, kisha ukakoma. Akapandisha mwendo wa injini: haukurudi. Ndipo akanifundisha kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ringi zikiwa zimekwisha, injini hutoa moshi hata ikiwa na joto, hasa ikikanyagwa. Lakini gari likikaa sana, mpira wa sili za vali hukauka na kuwa mgumu; oili iliyobaki juu hupenya tone kwa tone hadi ndani ya silinda, ikisubiri siku ya kuwashwa. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Mvuke mweupe asubuhi ya baridi ni maji tu, kwa kuwa lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji. Ila ukiendelea kutoka injini ikiwa imeshapata moto, na maji ya rejeta yanapungua, hapo ogopa.

"Na hizo dakika tano zako za Jumapili," akaongeza, "ndizo zinazoliua. Injini haipati moto, maji yanabaki ndani ya bomba na ndani ya oili. Ama uliendeshe nusu saa, ama uliache lilale."

Alibadilisha sili na oili. Injini haikufunguliwa.

Usiku ule sikulala vizuri, wala sababu haikuwa gari. Nilimkumbuka mwalimu mwanafunzi mmoja wa mwaka 1993. Alikuwa amekaa nyumbani mwaka mzima akimuuguza baba yake, akarudi chuoni wiki moja kabla ya mazoezi ya kufundisha. Nilikwenda kumkagua siku ya kwanza. Chaki ilimtetemeka mkononi, akakosea tarehe ubaoni, watoto wakacheka. Nilikaa nyuma ya darasa dakika kumi, nikaandika katika faili lake kwamba hafai kuwa mwalimu, nikaondoka. Mkufunzi mwenzangu aliniomba nirudi wiki ya tatu, akidai binti amebadilika. Nilimjibu kwamba nimeona vya kutosha. Hakufuzu, wala hakurudi tena.

Sijui angekuwa mwalimu wa namna gani. Huenda mkufunzi yule alikosea. Lakini mimi sikukaa kujua, na kukaa ndiyo kazi niliyolipwa kuifanya.

Siku hizi kila Jumamosi mjukuu wangu huketi kiti cha pili, tukateremka kona zile hadi Mwatate na kurudi. Nikiliwasha bado hutoa moshi kidogo. Mtoto hutazama nyuma, huhesabu kwa sauti, na mimi siondoki mpaka afike mia na ishirini.