Nilisema Kinamasi ni Ardhi ya Bure. Nilikosea.

Wacha nianze kwa kukiri. Video yangu iliyotazamwa zaidi mpaka leo ni ile niliyosimama kando ya kinamasi kule kwetu Nyatike, Migori, karibu na pale mto Kuja unapoingia ziwani. Nilisema: "Vijana mnalia hakuna shamba, na hii yote imelala bure?" Nyuma yangu mafunjo yalikuwa yanatikiswa na upepo, marefu kuniliko mara mbili. Kusema ukweli, sikuwa nimeyaangalia hata kidogo. Kwangu yalikuwa pazia la kupigia video.

Baba mdogo aliiona. Kiangazi kilipofika akachoma sehemu yake, akang'oa mizizi kwa jembe, akapanda matikiti maji. Msimu wa kwanza alivuna vizuri, na mimi nikapiga picha nimekumbatia tikiti kama kombe. Msimu wa pili, mvua ya masika ilipoanza kunyesha huko juu milimani Kisii, Kuja ikaja kweli. Ilibeba matikiti, ikabeba na pampu ya kukodi. Hakunilaumu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sasa, baadaye rafiki yangu anayesomea mambo ya mazingira akaniomba nimsaidie kubeba kamera upande wa Homa Bay, kwenye vinamasi vya karibu na Kendu Bay. Walikuwa wanaenda kuhesabu mimea na wanyama. Nilikubali kwa sababu nilitaka picha za macheo, basi.

Nilidhani kuhesabu ni kutembea na kalamu ukiandika "ndege mmoja, ndege wawili". Kumbe kuna utaratibu. Kwa mimea, unaweka fremu ya mita moja kwa mita moja, unaandika kila kitu kilichomo: mashina mangapi ya mafunjo, mangapi machanga, mangapi makavu, na kama gugumaji limeingia. Kwa ndege, unasimama mahali pamoja dakika kumi bila kupiga kelele, unaandika unaowaona na unaowasikia. Kisha unasogea, unaanza upya. Kwa wanyama unatafuta alama: nyayo za kiboko, magamba ya samaki yaliyoachwa na fisi maji, mburuzo wa mkia wa kenge kwenye tope.

Dakika kumi za kunyamaza kwa mtu wa kazi yangu ni adhabu! Lakini dakika ya sita hivi, ndani ya mafunjo kukatokea sauti kama ya mtu anayepuliza kichupa, na papo hapo nyingine ikaijibu. Rafiki yangu akanishika mkono. Ndege akajitokeza kwa sekunde chache tu: mgongo mweusi, kifua chekundu kama damu, utosi wa njano. Anaitwa gonoleki wa mafunjo. Dume na jike huimba kwa kupokezana, mpaka unadhani ni ndege mmoja.

Huyu ndege haishi kwenye miti ya shule wala kwenye ua wa kanisa. Makao yake ni mafunjo, na nchi anazopatikana ni hizi zinazozunguka Ziwa Victoria na majirani zake. Ukiondoa mafunjo, hatahamia mjini kama kunguru. Ataisha. Na mimi, mtoto wa ziwani, nilikuwa sijawahi kumwona.

Halafu kuna samaki. Sisi sote tunajua hadithi ya mbuta: aliletwa ziwani miaka ya 1950, akaongezeka sana miaka ya 1980, akala fulu, aina kwa mamia, nyingine hatutaziona tena. Kitu ambacho sikujua ni kwamba maji ya ndani ya mafunjo yana oksijeni kidogo sana, na mbuta hayawezi. Lakini kuna fulu wanaoweza kuvumilia. Mumi na kamongo ndio kabisa, kwa sababu wanaweza kupanda juu wakavuta hewa. Kwa hiyo kinamasi kilekile nilichokiita bure kilikuwa maficho ya samaki ambao ziwa lilishindwa kuwalinda.

Nikarudi Nyatike na kamba, daftari na simu. Nilimwomba dani, nyanya yangu, anisindikize. Tulianza upande wa mafunjo yaliyosimama, tukamalizia kwenye kipande cha baba mdogo. Muda ni uleule, asubuhi ileile. Upande wa kwanza ukurasa ulijaa mpaka nikaandika pembeni. Upande wa pili nilipata mistari michache: yangeyange, nyasi, na udongo uliopasuka.

Dani hakuhitaji daftari. Mafunjo yeye anayaita togo, matete ni odundu, na anajua ni shina lipi la kukata kwa mkeka na lipi la kuachia likomae. Alinieleza kitu ambacho nimekibeba mpaka leo: kukata si kuua. Ukikata togo na kuacha mizizi, linachipuka tena. Ukichimba mizizi, umefunga mlango. Nimeona ripoti zenye majina ya Kilatini yaliyonyooka vizuri, lakini hakuna hata neno moja la Kijaluo. Mimi nadhani huko nako ni kuhesabu nusu.

Jioni nikampelekea baba mdogo daftari. Akalipitia polepole, kisha akasema: "Sasa hawa ndege wako watalipa karo?"

Nilikaa kimya. Na nataka na wewe unayesoma ukae na hilo swali kidogo, kwa sababu watu wa mjini wanaopenda mazingira hulikimbia. Baba mdogo si mwovu. Ana watoto watatu shuleni na shamba lake la juu ni kavu. Ukimwambia "hifadhi" bila kumwambia atakula nini, umemtukana.

Lakini hesabu iko, na ni ya pande mbili. Mafunjo hupunguza kasi ya mafuriko na kushika tope. Kuja inashuka na udongo wa milimani, na ukanda huu una wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama kule Macalder, ambao wengi hutumia zebaki. Tope lisiposhikwa na mizizi, linaenda moja kwa moja kwa samaki tunaowala. Kamongo aliyemlipia baba mdogo karo akiwa mtoto alitoka humo humo. Dani alisuka mikeka ya humo humo. Kinamasi kilikuwa kinalipa miaka yote. Tulikosa tu kukiandikia risiti.

Na risiti ndiyo hoja yangu leo. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu mwaka 1990. Tuna maeneo sita kwenye orodha hiyo, kuanzia Nakuru hadi Delta ya Tana iliyoingia 2012. La Ziwa Victoria halimo hata moja. Kitu kisichoandikwa ni rahisi kukiita bure, halafu anakuja mtu na trekta, au kijana na simu kama mimi.

Siku hizi huhitaji digrii kuanza. Mradi wa Kenya Bird Map umegawa nchi vipande vya takriban kilomita 9 kwa 9, na mtu wa kawaida anayewajua ndege wa kwao anaweza kutuma orodha yake. Nenda na mzee anayejua majina. Nyamaza dakika kumi. Andika.

Video ile nimeiondoa. Baba mdogo hajaniahidi kitu, na sitawadanganya kwamba alibadilika siku moja. Ila juzi nilimkuta amesimama kwenye kile kipande chake. Katikati ya tope kulikuwa na machipukizi ya togo, matano au sita hivi, kutoka kwenye mzizi uliokwepa jembe. Jembe alikuwa nalo begani. Aliyaangalia kwa muda, kisha akaniuliza:

"Haya nayo umeyaandika?"