Mvua ya Kitui na sekunde za Unix

Wiki hii naingiza kwenye MySQL vipimo vya mvua vya Kitui na Makueni. Safu ya muda ina nambari tupu kama 1700000000, yaani sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa saa za UTC. Seva iliyowekwa UTC itakuonyesha 14 Novemba 2023, 22:13:20. Lakini Kitui ilikuwa tayari tarehe 15, saa saba na dakika 13 usiku. Mvua ya usiku huo itaandikwa siku isiyo yake, na hesabu ya mkulima ya siku za kupanda itaharibika. Anza hivi:

SET time_zone = '+03:00';
SELECT FROM_UNIXTIME(1700000000);

Ukikuta tarakimu 13, hizo ni milisekunde: gawanya kwa 1000 kwanza. Na nambari ya asili usiifute.