Altezza, Mark X na Barabara ya Kibondo

Kwa miezi minne mwaka jana nililala na kuamka na magari mawili ambayo hata moja halikuwa langu. La kwanza lilikuwa Toyota Altezza ya mwaka 2001, mali ya mtumishi mstaafu wa Kasulu, lenye giya sita za mkono, naye alitaka shilingi milioni 9. La pili lilikuwa Toyota Mark X ya mwaka 2014, lililokuwa bado Japani. Pamoja na kodi na usafirishaji lingenifikia kwa takriban milioni 26. Fedha hizo nilikuwa nazo, matunda ya miaka sita ya kujinyima na kuweka akiba SACCOS.

Najua wasomaji wangu huja hapa kusoma habari za bajeti, katiba na serikali za mitaa. Naomba mnivumilie leo. Nitaanzia kwenye gari, na nitafika huko huko.

Nilikulia wilayani Kibondo, kilomita mbili kutoka barabara kuu iendayo Kasulu. Nilikuwa na umri wa miaka 13 mwaka 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa na majirani zetu wakaanza kuvuka mpaka kwa maelfu. Nyuma yao yalikuja magari meupe ya mashirika ya misaada. Kwa mtoto wa Kibondo wa wakati ule, gari lilikuwa kitu cheupe, kirefu, cha kupanda kwa kushikilia mlango. Baadaye tukaongezewa mashangingi ya viongozi, nayo marefu vilevile. Kwamba gari linaweza kuwa kitu cha kuingia kwa kuinama, nililijua nilipofika Dar es Salaam kusoma chuo kikuu.

Hapo ndipo nilipoiona Altezza. Ilizinduliwa Japani mwaka 1998, ikatwaa tuzo ya gari bora la mwaka nchini humo, na uundaji wake ukakoma mwaka 2005. Ile yenye giya sita ina injini ya silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 2,000, nguvu farasi 210, na husukumwa na magurudumu ya nyuma. Taa zake za nyuma, zenye kioo cheupe badala ya chekundu, ziliigwa duniani kote. Nilikuwa mwanafunzi ninayepanga foleni ya daladala, nikajiambia kwamba siku moja nitaliendesha gari lile hadi kwetu. Ilikuwa ndoto ya kipuuzi kwa sababu mbili: sikuwa na fedha, na kwetu hakukuwa na barabara ya kulipitisha.

Sababu ya pili imebadilika. Mradi wa barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260.6, uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umeweka lami mahali tulipozoea kuona vumbi jekundu na malori yaliyokwama. Nilipoiona lami ile kwa mara ya kwanza nilitambua kwamba barabara haisafirishi mazao na wagonjwa tu. Huamua hata kile ambacho watu wa mahali fulani wanaruhusiwa kukitamani.

Basi, nikaanza hesabu zangu za kisomi. Nilichora jedwali. Jambo la kwanza lililonitatiza ni umri, maana nchini mwetu gari lina umri wa aina tatu.

Kuna umri wa kiwandani, ambao serikali huuhesabu. Juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, kuna ushuru wa uchakavu, ambao huongezeka kadiri gari linavyozeeka. Mark X niliyoitaka ilikuwa imekwisha kuvuka miaka kumi, hivyo ilikuwa iubebe mzigo huo. Kenya hairuhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka minane, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Japani kwenyewe, gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake hupanda, na ukaguzi wa lazima wa kila miaka miwili humchosha mwenye nalo. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazoyaleta kwetu.

Umri wa pili ni wa mtaani. Mtanzania hakuulizi gari lako liliundwa lini, anauliza, "Ni namba gani?" Gari lililoundwa mwaka 2003 likishushwa bandarini leo litapewa namba E, na jirani atakupongeza kwa gari jipya. Lililoundwa mwaka huo huo na kuingia nchini mapema lina namba A au B, na huyo huyo jirani atakupa pole. Altezza ya Kasulu ilikuwa namba C. Nilishangaa, mimi mwenye shahada ya uzamivu, jinsi herufi moja ilivyoninyima usingizi. Nilijiona nikiegesha namba C kando ya namba E za wanafunzi wangu.

Umri wa tatu sikuujua mpaka Machi, nilipofundishwa na mama yangu na fundi mmoja wa Kasulu.

Mama ana zaidi ya miaka 70 na moyo wake una tatizo. Machi ile madaktari bingwa walikuja kutoa huduma mjini Kasulu kwa siku chache, naye akapangiwa siku ya mwisho. Rafiki yangu aliniazima gari lake, jipya kuliko yote mawili niliyokuwa nikiyapima. Chapa yake haina umuhimu hapa. Tuliondoka Kibondo alfajiri. Tulipoipita njia panda ya Nduta, kabla ya kufika Mvugwe, taa ya njano iliwaka kwenye dashibodi, gari likapunguza nguvu, kisha likazima. Halikuwaka tena.

Fundi wa kwanza alifika kwa bodaboda, akafungua boneti, akaangalia kwa heshima kama mtu aliyeingia nyumba ya wageni, akaifunga. "Hili linataka kompyuta," alisema. Wa pili akasema hivyo hivyo. Tulikaa chini ya mti kwa zaidi ya saa nne, mvua ikinyesha na kukatika. Mama hakulalamika. Alipoona nimeinama juu ya simu kwa muda mrefu, alisema, "Baba, gari hili limesoma sana kama wewe. Ndiyo maana halijui kazi ya mkono."

Tulicheka. Lakini tulipofika Kasulu kwa gari la abiria, madaktari walikuwa wamekwisha kufunga vifaa vyao. Ilinibidi baadaye nimpeleke Mwanza. Katika majuma yale ya kusubiri, miguu yake ilivimba, nami nilijifunza kuhesabu pumzi zake usiku.

Gari la rafiki yangu lilivutwa hadi kwenye gereji moja ya Kasulu. Lilikaa siku tisa, likisubiri kifaa kidogo kisichozidi kidole gumba kwa ukubwa, kilichotoka Dar es Salaam kwa basi. Katika kufuatilia kifaa hicho ndipo nilipomweleza mwenye gereji habari za magari yangu mawili. Naye aliijua ile Altezza. Ndiye aliyekuwa akiihudumia tangu ilipofika mjini.

"Dokta," aliniambia, "wewe unauliza gari lina miaka mingapi. Uliza likilala njiani, nani ataliamsha. Hili la rafiki yako halikosi ubora. Sisi ndio hatuna mashine ya kulisoma, na hakuna aliyetufundisha kuitumia. Gari jipya huharibika mara chache, ila likiharibika huku, linakuharibia na wewe."

Hicho ndicho umri wa tatu: umbali kati ya kitu na mikono inayoweza kukitunza. Kwa kipimo hicho, gari la juzi linaweza kuwa kongwe siku linapofika Kasulu, na gari la miaka 24 likawa bado kijana, kwa kuwa plagi, bushi, shokapu na mpira wa maji wake vinapatikana dukani, na yupo mtu anayezijua tabia zake.

Hapa ndipo ninapowarudia wasomaji wangu wa kawaida, hasa mlio watumishi wa umma. Tazameni ofisi zetu. Nyuma ya majengo mengi ya serikali nchini mna magari yaliyopandishwa juu ya mawe, majani yakitokeza madirishani. Mengi hayakufa kwa uzee. Yalikufa kwa kukosa fungu la matairi. Pampu ya maji ya kijiji huzinduliwa kwa ngoma na husimama kwa kukosa kipuri. Mashine hufika hospitalini kabla ya mtaalamu wake. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye kamati zilizopitisha ununuzi wa kompyuta bila mtu yeyote, nami nikiwemo, kuuliza nani atazitengeneza. Tunapenda kununua kwa sababu kununua kuna sherehe. Hakuna kiongozi aliyewahi kukata utepe wa kumwaga oili.

Sisemi kwamba ushuru wa uchakavu ni kosa. Gari kuukuu hutoa moshi mchafu, na nchi ina haki ya kukataa kuwa jalala la wengine. Lakini sera inayohesabu miaka ya chuma peke yake, bila kuhesabu fundi, mafunzo yake na vifaa vyake, imehesabu nusu. Tukimzuia mwananchi kununua gari kuukuu, tumpe fundi wa Kasulu uwezo wa kulisoma jipya. Vinginevyo tunamhamisha mwananchi kutoka kwenye ubovu unaotengenezeka kwenda kwenye ubovu usiotengenezeka.

Nikiri pia upande wa pili, maana mwanafunzi wangu yeyote angeniuliza. Mark X ni salama zaidi. Mifumo yake ya kulidhibiti gari linapoteleza ni ya kizazi cha baadaye, na mifuko yake ya hewa haijakaa robo karne. Tena gari la spoti kwenye lami mpya, mahali ambapo watoto wa shule hutembea ukingoni na baiskeli hubeba mikungu ya ndizi, si jambo la mzaha. Lami imetupa mwendo kabla hatujajifunza breki. Hoja hiyo ilikaribia kunishinda, na sijadai hata leo kwamba nimeijibu yote.

Nililinunua la zamani. Katika zile milioni 17 zilizobaki, nilitumia karibu milioni tatu kwa matairi mapya, breki zote, mikanda ya usalama na mipira yote iliyokuwa imekakamaa. Nyingine nimezitenga katika akaunti ambayo kazi yake ni moja: matunzo ya gari na safari za matibabu za mama. Kwenye makazi naendesha kilomita 50 kwa saa kama sheria inavyotaka, hata pale pasipo na trafiki mwenye tochi. Nguvu farasi 210 zimelala usingizi mwema. Sitaficha kwamba sehemu ya uamuzi huo haikuwa hekima bali yule mwanafunzi wa foleni ya daladala. Nimemruhusu ashinde, kwa sharti kwamba alipie matunzo.

Desemba nililiendesha kutoka Dodoma, nikapita Singida, Nzega, Kahama na Nyakanazi, hadi Kibondo. Lakini sikufika nyumbani nalo. Njia ya kilomita mbili kutoka barabara kuu hadi kwa mama bado ni ya udongo, na mvua zilikuwa zimekwisha kuikata. Nililiacha dukani kwa jirani, nikavua viatu, nikatembea. Asubuhi mama aliletwa kwa bodaboda hadi barabarani, mtoto wake mwenye udaktari akimfuata kwa miguu. Alilizunguka gari mara moja. Miguu yake hairuhusu tena kupanda mashangingi. Katika hili aliinama tu, akaketi.

"Limekaa chini kama kigoda," alisema, akajifunga mkanda. Kisha akauliza swali ambalo ningependa kila kamati ya ununuzi nchini ilijibu kabla ya kusaini: "Na fundi wake ni nani?"

Nilimtajia jina. Akatikisa kichwa kukubali, tukaondoka kwenda Kasulu.