Kila mtoto apate siku yake uwanjani

Ukimuuliza mtu mzima kwamba baba yake alimwachia nini, ataanza na vitu vinavyohesabika. Atataja kiwanja, nyumba ya vyumba vitatu, ada iliyolipwa mpaka kidato cha nne. Mwache amalize. Ukikaa naye kidogo zaidi, atakusimulia siku moja tu ambayo alitoka na mzazi wake wakaenda mahali penye watu wengi, na hapo ndipo utamwona anatabasamu.

Niliyaona haya nyumbani kwetu baada ya kumzika baba, miaka miwili iliyopita. Usiku wa tatu wa matanga, wageni wa mbali wakiwa wamelala, tulibaki mkekani sisi watoto wanne na mama. Hakuna aliyeanza kwa kuuliza habari za hati ya nyumba. Mdogo wangu wa kike aliuliza, "Mnakumbuka baba alivyokuwa akipiga mluzi uwanjani?" Basi, hatukulala mpaka adhana ya alfajiri.

Baba alikuwa fundi mitambo, mtu wa maneno machache. Akirudi kazini alikula, akasikiliza taarifa ya habari, akalala. Kama ungemfahamu kwa nyumbani tu, ungesema hajui kucheka. Uwanjani alikuwa mtu mwingine. Alipiga kelele, alibishana na watu asiowajua, alimpa karanga mtoto wa jirani wa kiti. Sisi tuliobahatika kwenda naye tulimjua baba wa pili.

Siku yangu ilikuwa Novemba 1993. Nilikuwa na miaka kumi. Simba ilikuwa imefika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka sare ya bila kufungana na Stella kule Abidjan, na mechi ya marudiano ilikuwa hapa Dar es Salaam, kwenye uwanja ambao sasa tunauita Uhuru. Baba alikuwa Yanga tangu ujana wake, tena Yanga wa kununa wiki nzima timu ikifungwa. Nilipomuuliza kwa nini tunakwenda kuwatazama Simba, alinijibu, "Leo anacheza Mtanzania. Vaa viatu."

Tuliingia mapema, jua likiwa kali. Nakumbuka harufu ya machungwa na jasho, na bega la baba nililopanda kila watu waliposimama mbele yetu. Rais Mwinyi alikuwepo. Jiji zima lilikuwa limeshajiandaa kusherehekea. Simba ikafungwa 2-0.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Maelfu ya watu walitoka wakitembea kwa miguu kuelekea Keko, Temeke na Kariakoo, na ulichosikia ni kandambili zikiburuzwa. Wanaume wazima walikuwa wanalia na hawakujificha. Baba alinunua muhogo wa kuchoma, akanikatia nusu, kisha akasema, "Umewaona hawa wote? Wameumia kweli. Na kesho wataamka waende kazini." Hakuongeza neno. Tangu hapo nimefeli mitihani, nimefukuzwa nyumba ya kupanga, nimezika mtoto. Kila mara sentensi ile imenisaidia kuliko mahubiri marefu.

Mdogo wangu wa kike yeye ana Juni 7, 2010, siku Brazil walipokuja kucheza na Taifa Stars wakielekea Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Bei ya tiketi ilikuwa juu kuliko tulivyozoea, na baba alikuwa ndiyo kwanza amestaafu. Mama alinung'unika. Baba akalipa. Uwanja mpya ule, ambao leo unaitwa Benjamin Mkapa, una viti 60,000, na mdogo wangu anaapa kwamba alimwona Kaka kwa macho yake kama anavyokuona wewe. Tulifungwa 5-1. Lakini ukimsikiliza akisimulia, utadhani matokeo yalikuwa kinyume, maana anachokumbuka ni bao moja la Jabir Aziz. Baba alimkumbatia mpaka kilemba kikadondoka. Alikuwa na miaka ishirini, na anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu utotoni baba kumkumbatia.

Kitinda mimba wetu ana Machi 24, 2019. Stars walihitaji kuifunga Uganda, na wakati huohuo kusikilizia Lesotho wanafanya nini ugenini Cape Verde. Msuva akafunga, Nyoni akafunga kwa penalti, Aggrey Morris akamalizia. Uwanja mzima watu walikuwa na simu masikioni. Lesotho walipotoka sare, Tanzania ikafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980. Baba alikuwa ameshaanza kutembea kwa mkongojo. Alimwambia mdogo wetu, "Ile ya 1980 niliisikia redioni. Hii nimeiona." Walirudi nyumbani saa tano usiku, mzee amepoteza sauti kabisa, na mama akamchemshia tangawizi.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kaka yetu mkubwa hajasema kitu tangu mazungumzo yaanze.

Kaka alizaliwa mwaka 1979. Maisha yalibana, mama akapata ujauzito wangu, na kaka akapelekwa kwa bibi Muheza, kama familia nyingi zilivyofanya. Alirudi Dar kuanza sekondari mwaka 1994, mwaka mmoja baada ya ile fainali. Baba alikuwa akimtumia barua, sare za shule na nauli ya likizo. Hakuwahi kwenda naye uwanjani hata mara moja. Kaka aliporudi alikuwa kijana mkubwa anayekwenda na wenzake, na baba aliona haya kumwambia "twende". Wanaume wa rika lake walikuwa hivyo.

Kaka aliweka kikombe chini, akasema taratibu, "Ninyi mlikuwa na baba wa uwanjani. Mimi nilikuwa na baba wa barua."

Hakuna aliyejua ajibu nini. Kiwanja unaweza kukipima ukakigawa sawa kwa watoto wote. Siku ile ya 1993 ningeigawaje?

Mama ndiye aliyevunja kimya. Alisema, "Wewe uliwatangulia hawa wote." Akatusimulia jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Mwaka ule wa 1979 bendi ya Mlimani Park Orchestra, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Sikinde, ilikuwa changa, haijatimiza hata miaka miwili. Baba alipokea mshahara Ijumaa, na Jumamosi akamwambia mama avae vizuri. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Walikwenda Mlimani Park, ukumbi ule uliokuwa njia ya kuelekea Chuo Kikuu, ambao ndio uliipa bendi jina lake. Muhidin Gurumo alikuwa jukwaani anaimba. Mama anasema walicheza polepole mwanzo wa kila wimbo, na ilipofika chemko yeye alikaa, baba akachuchumaa mbele ya kiti chake, akaweka kiganja tumboni, akasema, "Huyu hajatoka na tayari anaijua chemko."

Mkeka mzima ulicheka. Kaka pia alicheka, akafuta macho. Lakini asubuhi tulipokuwa tunachota maji, aliniambia, "Mama amenipa kitu kikubwa. Tatizo lake ni kwamba mimi sikumbuki." Sikumbishia. Alikuwa anasema kweli.

Nimeandika haya kwa sababu ya sentensi hiyo ya kaka. Mzazi mwenzangu, siku hizi tuna ving'amuzi, mechi zote zinaonekana sebuleni, na matamasha tunayatazama kwenye simu. Sisemi ni vibaya. Kwenye luninga mpira unauona vizuri zaidi, hata mchezaji akitema mate unamwona. Tofauti ni kwamba sebuleni mtoto anatazama mpira, na uwanjani anakutazama wewe. Anaona unavyopanga foleni, unavyomjibu mtu aliyekukanyaga, unavyopokea kushindwa mbele za watu. Anakuona ukiimba. Wapo watoto hawajawahi kumsikia mama yao akiimba kwa sauti hadi siku alipowapeleka kwenye onyesho la taarabu.

Lakini liangalie pia swali la kaka. Katika nyumba nyingi wapo watoto wanaokwenda na wapo wanaobaki. Anayebaki mara nyingi ni yule aliye bweni, au aliyelelewa kwa bibi, au binti kwa sababu "mpira ni wa wavulana", au mtoto mwenye ulemavu kwa sababu usafiri ni mgumu. Sisi wazazi tunasahau. Wao hawasahau. Wenzao wakianza kusimulia, wao hutazama chini.

Si lazima iwe mechi ya watani wa jadi. Kwa mtoto mdogo, Simba na Yanga ni msongamano tu. Anza na mechi ndogo, mfano pale Azam Complex Chamazi, ambapo uwanja haujazidi mtoto ukubwa na anaweza kusikia wachezaji wakiitana. Mechi ya Simba Queens na Yanga Princess ni siku nzuri kwa binti. Mechi ya mchangani mtaani kwenu haina kiingilio, na kumbukumbu yake haina tofauti. Kama ninyi ni watu wa muziki, tafuta onyesho la mchana, siyo la kukesha.

Andaa mambo machache. Kama tiketi ni ya N-Card, weka pesa kwenye kadi siku moja kabla, ili usigombane na foleni mtoto akiwa kiunoni. Andika namba yako ya simu kwenye karatasi, itie mfukoni mwake. Kubalianeni mahali pa kukutana mkipotezana, na mwonyeshe pale pale kwa kidole. Wakati wa kutoka, subirini kwenye viti mpaka umati upungue. Msukumano wa mageti ndio hatari kubwa kuliko yote uwanjani. Na dakika hizo za kusubiri, viti vikiwa vitupu na taa bado zinawaka, ndizo baba alizotumia kuzungumza nasi zaidi.

Kaka ana mabinti watatu, mmoja yuko bweni Tanga. Mwaka jana alianza utaratibu wake, kila likizo anatoka na mmoja peke yake. Wa bweni ndiye aliyeanza. Mkubwa hapendi mpira, alichagua kwenda kumsikiliza msanii ambaye kaka hamjui hata jina. Alikaa saa tatu akiwa ameziba sikio moja, na aliniambia kwamba hakuelewa wimbo hata mmoja, ila sasa anajua binti yake anacheza vipi akifurahi.

Ratiba ya ligi hutoka kabla msimu haujaanza. Ikitoka, ibandikeni ukutani, waite watoto wote, na yule wa kwa bibi mpigieni simu. Kila mmoja achague mechi moja, au onyesho moja. Andika jina lake pembeni ya tarehe, kwa kalamu isiyofutika.