Mita Inajua Nyumba Inavyovuja Joto

Hapa Uingereza, nyumba ikiuzwa au kupangishwa hutakiwa iwe na cheti cha nishati chenye herufi kuanzia A hadi G. Mkaguzi anakuja, anatazama kuta, madirisha na boila, anajaza makadirio yake, anaondoka. Mita haigusi. Ndiyo maana nyumba mbili zenye herufi moja zinaweza kupishana sana kwa bili.

Kipimo cha uhakika zaidi kipo, ila kina usumbufu: nyumba inabaki tupu kwa wiki kadhaa za baridi, hita za umeme zinaishikilia kwenye nyuzi 25 hivi, na umeme unaoliwa unahesabiwa. Nani atakubali kuhama kwake Januari? Basi wataalamu wamegeukia mita za kisasa zinazorekodi matumizi kila nusu saa, wenye nyumba wakiendelea kupika na kuoga.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Tuseme nyumba ya matofali ya zamani inakula uniti 36 (yaani kilowati-saa) za gesi siku ambayo wastani wa nje ni nyuzi 10, na uniti 60 ukishuka hadi nyuzi 5. Tofauti ni uniti 24 kwa nyuzi 5, yaani uniti 4.8 kwa siku kwa kila nyuzi moja, sawa na wati 200. Ondoa asilimia 15 inayopotelea kwenye boila, unabaki na wati 170. Gesi ya kuogea haivurugi sana, maana ipo siku zote mbili. Wanaovuruga ni jua la dirishani na binadamu: mtu aliyekaa tu hutoa wati 100 hivi. Alika wageni ishirini waje kula pilau, umeshawasha hita ya kilowati 2 bila kujua.

Dar es Salaam mambo ni kinyume, joto ndilo linaloingia. Dada yangu wa Tabata akipiga simu wakati wa kaskazi, habari ni moja: uniti zimekwisha tena. Analaumiwa mtoto aliyeacha kiyoyozi kikiwaka, inalaumiwa bei, bati la juu halitajwi kabisa.

Lakini hesabu ya Uingereza haibebeki nzimanzima. Wastani wa joto la Dar kati ya Julai na Februari hupishana nyuzi chache tu, na kiyoyozi hula umeme mwingine kukausha unyevu wa hewa. Juu ya yote, jua linalochoma bati lina uzito zaidi kuliko joto la hewa. Kwa maoni yangu, Dar tulinganishe nyumba na nyumba hiyohiyo, kabla na baada ya kuirekebisha.

LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, inatosha kwa kazi hiyo. Kabla hujanunua kiyoyozi kikubwa zaidi, andika uniti zilizobaki saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni kwa wiki nzima, bila kubadilisha muda wa kuwasha wala nyuzi za rimoti. Kisha paka bati rangi nyeupe, uandike tena wiki nyingine kabla kaskazi haijaisha.